Usiku Katika Nchi ya Mikeka

Ninasinzia katikati ya sentensi yangu mwenyewe. Nasema, basi msindikizaji asiye na uso akainama akaikunjua barabara, na hapo hapo ulimi unakuwa mzito, namsikia mwanangu Chande akiniuliza, halafu, mama, halafu ikawaje, na dada yake Somoe akimwambia muache, katoka zamu ya usiku, na mimi nataka kuwaambia sijalala, ngojeni kidogo tu, lakini kauli haitoki. Ni Jumapili, saa nane za mchana, jua limejaa mlangoni mpaka linagusa miguu yangu, na nywele zangu bado zinanukia mikate ya bekari ninakofanya kazi. Bibi yangu aliyenilea kule Nachingwea hakuruhusu hadithi mchana. Alisema hadithi ya mchana humpoteza njia mwenye kuisimulia, na kama huna budi, piga fundo kwenye pembe ya kanga yako kabla hujafungua mdomo, ulifungue ukimaliza, na ole wako ulale nalo. Mimi sina budi. Baba Somoe aliponiacha, wazee walikaa wakaamua watoto wabaki kwake, kwenye nyumba yenye uzio na umeme na mke mpya, na mimi nikapewa Jumapili, kuanzia adhuhuri mpaka saa kumi na moja. Usiku hawakunipa hata mmoja. Kwa hiyo kila Jumapili napiga fundo, nasimulia, nafungua, na leo nimelala nalo, naliona kabisa kwenye pembe ya kanga, dogo na gumu, na sina mkono wa kulifungulia.

Mkeka chini yangu unasogea. Kwanza nadhani ni Chande anauvuta, mtoto yule mikono yake haitulii, lakini unasogea taratibu kwa urefu, miyaa inapishana, nyekundu inapita chini ya kijani, kijani chini ya nyeupe, na mkeka unazidi kurefuka mpaka mlango unabaki nyuma, jiko la mkaa nyuma, ndoo ya maji nyuma, na mimi nimesimama juu ya barabara ya ukili inayokwenda mbele bila kikomo. Naijua. Moyo unaniruka kwa furaha, nakiri, maana hii ni Nchi ya Mikeka, nimeitunga mimi, na katika miaka yote ya kuisimulia sijawahi kuikanyaga. Barabara zake husukwa, na zikishatumika hukunjwa zikabebwa begani, ndiyo maana huku huwezi kupita njia moja mara mbili. Hapa ndipo nilipotaka kuja tangu nikiwa na umri wa Chande, miaka saba, nimelala chali kwa bibi nasikiliza habari za majini wanaooa binadamu na wanyama wanaoamua kesi, na baadaye shuleni, ambako kulikuwa na kabati moja la vitabu lenye kitasa kibovu, na mimi ndiye mtu pekee niliyejua kwamba kitasa kile kinafunguka ukikibonyeza kwa goti. Nilisoma farasi wanaoruka, visiwa vinavyozama asubuhi na kuibuka jioni, wafalme waliogeuzwa mawe, nikasoma mpaka majalada yakadondoka. Somoe akiwa tumboni nilimsomea kwa sauti, majirani wakasema mwanamke huyu kapatwa. Talaka ilipokuja niliacha kitanda, niliacha kabati na vyombo vyote, nikabeba sanduku la vitabu na kanga mbili. Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa wanangu, na wala sikuona kama kuna kingine kinachofaa kutolewa. Natembea, na barabara inajikunja nyuma ya visigino vyangu, nafika njia panda ambapo kila njia inarudi kwenye njia panda ile ile, kama nilivyowasimulia mwezi uliopita, na nacheka peke yangu kwa sababu nilipokuwa nasimulia nilidhani ni mzaha, kumbe mtu huchoka.

Msindikizaji anatokea akiwa na barabara iliyokunjwa begani. Uso wake ni nyororo kama mgongo wa kijiko, hauna jicho wala pua wala mdomo. Hili tulikubaliana, mimi na wanangu wawili, tukapeana na mikono, kwamba wasindikizaji wa Nchi ya Mikeka hawana nyuso, na hakuna kati yetu atakayewapa nyuso milele, kwa sababu mtu asiye na uso anaweza kuwa yeyote, na hiyo ndiyo raha yake. Nampa salamu. Ananiuliza, nani amekuleta huku na fundo lako halijafunguliwa? Namwambia nimejileta. Anasema, kuna nyumba ambayo mwenyewe ndiye anayegonga na mgeni ndiye anayefungua, nyumba gani hiyo? Namwambia, wewe, usinitegee vitendawili, vitendawili vyako vyote nimekufundisha mimi. Anasema, hicho hukunifundisha. Na kweli, nakitafuta kichwani sikipati, nakitafuta kwenye kila Jumapili niliyowahi kusimulia sikipati, na kwa mara ya kwanza nahisi baridi kwenye nyayo. Namuuliza wanangu wako wapi. Anasema, wako mbele, wako nyuma, inategemea nani anasimulia. Namuuliza nani mwingine anasimulia. Anaitandaza barabara yake mbele yangu kwa adabu kubwa, kama mtu anayemtandikia mgeni, na adabu ile inaniudhi kuliko kama angenitukana, kwa sababu humu mimi sitandikiwi, humu mimi ni mwenyeji.

Barabara inatupeleka Mji wa Masufuria, ambao kuta zake zote ni masufuria yaliyosuguliwa kwa majivu mpaka yanawaka. Mji huu niliutunga siku Chande alipokuja kwangu na homa. Ukijitazama ukutani huoni uso wako, unaona uso wa mtu anayekuwaza saa hiyo, na kadiri anavyokuwaza ndivyo uso wake unavyokuwa mkubwa. Naingia mbio. Naufuata ukuta wa kwanza nikiwa na hakika ya nitakayemkuta, na nakutana na msimamizi wa bekari, kanuna, bila shaka ananiwaza kwa sababu ya trei zilizoungua. Naufuata ukuta wa pili, msimamizi. Wa tatu, jirani yangu Bi Hadija, anayetaka ndoo yake. Nazunguka mji na mji unazunguka nami, nyumba niliyoiacha kulia inanisubiri kushoto, mlango niliotokea unaniingiza tena, na mwisho, kwenye kisufuria cha pembeni, cha kuchemshia chai ya mtu mmoja, namuona Chande, mdogo kama punje, ananiwaza huku anawaza na kitu kingine. Somoe hayupo. Nakisugua kisufuria kwa kanga, nakisugua mpaka mkono unauma. Somoe wangu, niliyemsomea kabla hajawa na masikio, hayupo. Namwambia msindikizaji kwamba mji huu umeharibika. Anasema, mji hauna tatizo. Namwambia akome, na tunaendelea kutembea tukiwa tumenuniana, ingawa yeye kununa kwake sikuoni.

Tunatokea upande wa pili wa mji na mwanga unapungua. Nadhani ni wingu. Si wingu. Nchi ya Mikeka haina usiku, sijawahi kuusimulia, na sikuuacha kwa makusudi, ni kwamba tangu talaka sijakaa na wanangu gizani, kwa hiyo kila kilichotokea humu kilitokea juani, na sikujua kama nimeacha pengo. Sasa pengo limejazwa. Mbele yangu kuna usiku mzima uliosukwa vizuri, una taa, una vyura, una harufu ya udongo uliomwagiwa maji, una barabara nyeusi za ukili uliotiwa rangi ambayo mimi sina. Nainama naigusa. Imesukwa na mtu mwenye mkono mwepesi na muda wa kutosha. Ni nzuri, na hilo ndilo linaloniuma, ingekuwa mbaya ningecheka. Namuuliza msindikizaji nani kaweka usiku katika nchi yangu. Anasema, kuna kitu ukimpa mwenzako unabaki nacho, na bado unalia kwamba umeibiwa, kitu gani hicho? Jibu nalijua, ni hadithi, na nanyamaza, kwa sababu nikilitamka itabidi niulize na aliyeitoa ni nani.

Niseme kweli, maana huku ukidanganya barabara inakukataa. Mke mpya wa Baba Somoe anaitwa Mwajabu. Ana tabia ya kusafisha koo mara mbili kabla ya kusema neno, anakanyaga kwa upande wa nje wa mguu, na hawezi kuona chakula asikifunike. Mwaka juzi nilimwingiza kwenye hadithi. Sikumtaja jina, mimi si mjinga. Nilimwita Mama Mfuniko, mwanamke anayepita mijini na mifuniko mikubwa, akifunika mji mmoja baada ya mwingine pamoja na watu wake, na kabla ya kufunika husafisha koo mara mbili. Niliwatazama wanangu wakiogopa nikafurahi. Ilikuwa furaha mbaya, lakini ilikuwa furaha. Nilijiambia kwamba wakiwa kule usiku, wakisikia lile koo nyuma ya mlango, watanikumbuka mimi, na itakuwa kama nimelala nao chumba kimoja. Sikumwambia mtu yeyote jambo hilo, na sikuona kama kuna aliyeumia.

Nyumba ya Mama Mfuniko iko mwisho wa barabara nyeusi. Nagonga, ingawa nyumba hii niliijenga mwenyewe kwa mdomo wangu, na anayenifungulia ni yeye. Ana uso. Ni uso wa Mwajabu, wote, hadi kovu la kwenye nyusi. Anasafisha koo, mara mbili, anasema, karibu dada, tulikuwa tunakungoja, chakula chako nimekifunika. Nyuma yake mifuniko imepangwa sakafuni, na chini ya kila mmoja kuna mji wenye joto, moshi unatokea pembeni, nasikia watu wake wakila na kucheka. Wanangu wamekaa kwenye mkeka. Chande kalala ubavu, macho mazito, na Somoe anasuka miyaa, anasuka ule ule ukili mweusi. Namwambia Somoe, toka hapo. Anasema, shikamoo mama. Namwambia, umemwambia. Anasema, ndiyo. Umemwambia yote? Anasema, yote, tangu njia panda. Namwambia, Somoe, tulipeana mikono. Anaweka ukili chini, ananitazama kwa macho ya mtu mzima, mtoto wa miaka kumi na mmoja, anasema, mama, sisi tulimjua siku ile ile. Ulimpa mpaka koo lake. Chande alikaa siku tatu hali kitu kilichofunikwa, na kule kila kitu kinafunikwa. Ma'mdogo akampikia maandazi akayakataa, akampikia ndizi akazikataa, akamuuliza, mwanangu, nimekukosea nini, na Chande analia tu, hawezi kusema, kwa sababu ulitwambia hadithi ni yetu watatu. Ningefanyaje? Nikamwambia mimi. Nilidhani atakasirika, atamwambia baba, tutakatazwa kuja Jumapili. Hakukasirika. Aliuliza tu, huyo mama kwa nini anafunika? Tukamwambia hatujui, mama hajasema. Akasema, basi labda kuna watu wanachelewa kurudi, anawawekea chakula kisipoe. Chande akala. Na tukaanzia hapo, kila usiku kidogo kidogo.

Nasikia kila neno, na kila neno nalielewa, na bado najiona nimeuzwa na watu wa nyumbani kwangu. Kuelewa hakunisaidii chochote. Nilikuwa na silaha moja tu dhidi ya mwanamke huyu, na damu yangu mwenyewe imeichukua ikampelekea jikoni kwake, naye hata hakuitupa, ameiosha akaanza kuipikia. Bora angeitupa. Namwambia, Mwajabu, huna haya, umechukua mume sikusema, umechukua nyumba sikusema, hiki kimoja ulikitakia nini? Anasafisha koo, mara moja, mara ya pili, anasema, dada, sikukichukua, nililetewa na mtoto mwenye hofu. Nataka kumtukana na tusi halipatikani, natafuta humo kinywani nakuta maneno ya hadithi tu, hapo zamani, siku moja, basi akainuka akaenda. Chande anachezea kidole cha mguu wake ili asinitazame. Namuuliza Somoe, na sauti yangu imeshuka yenyewe, je, na mimi nimo humo mnamosimuliana usiku? Anasema, umo mama, tungekuachaje. Nipo wapi? Anamtazama Ma'mdogo wake, na ule mtazamo, wa kuomba ruhusa, unanichoma kuliko yote niliyoyasikia. Anasema, wewe ndiye unayetuleta. Unatutandikia barabara mpaka mlangoni, halafu unarudi. Ma'mdogo alitaka tukupe uso, nikamkatalia, nikamwambia tulipeana mikono. Napeleka kiganja usoni. Kinateleza. Nageukia mfuniko ulio karibu, ambao haukutoka Mji wa Masufuria, unamwonyesha mtu alivyo, na naona kanga yangu, naona shingo yangu na hereni zangu, na katikati ya hereni hakuna kitu, pamelala tu nyororo. Namtafuta msindikizaji aliyenileta nimuulize. Hayupo mlangoni, hayupo barabarani, ila begani kwangu kuna kitu kizito kimekunjwa.

Napiga kelele, na hapo naamka. Paa la bati lipo juu yangu, jiko lipo, mswaki wangu upo kwenye kikombe chake dirishani. Jua limehama mlangoni limepanda ukutani, kwa hiyo saa kumi na moja imekaribia. Nasema, wanangu, mnisamehe, usingizi umenishinda. Nakaa kitako. Nina hakika nimekaa kitako, ingawa fundo bado ni gumu kwenye pembe ya kanga. Chande ameshavaa viatu, begi liko mgongoni, ananitazama usoni na kumuuliza dada yake, ameamka? Somoe naye ananitazama, kwa muda mrefu, anasema, bado. Nawaambia nimeamka, jamani, mimi huyu hapa. Chande anauliza, tumuamshe? Somoe anasema, muache, akiamka atataka kumalizia, na baba yuko njiani. Chande anafikiri, kidole mdomoni. Anasema, siku tukimwambia kwamba tumeshajua mwisho, atalia? Somoe anasema, hatumwambii. Tutakuwa tunasikiliza tu. Nawaita kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ninayoisikia mimi vizuri kabisa. Nje honi inalia, nyumba inatetemeka kidogo au ni mimi, mkeka unasogea au ni miguu yao inaondoka juu yake. Somoe anarudi kutoka mlangoni, anapiga magoti karibu na kichwa changu, ananinong'oneza sikioni, mama, leo ilikuwa tamu sana, haya, mpaka Jumapili. Mlango unafunguliwa, na mwanga unaoingia sijui ni wa jioni ya kwangu au wa zile taa za kule. Nasema, asanteni wanangu, mfike salama, kisha natega sikio nisikie kama kuna mmoja wao atakayeitikia.